Siku mbili Kilwa Kisiwani na mwongozaji: maoni ya fundi wa makaburi

Mimi ni fundi wa makaburi hapa Mtwara, mtaa wa Magomeni. Namimina saruji, nasubiri ianze kushika, kisha naandika jina la marehemu na tarehe zake, na juu kabisa Bismillahi. Ni mwaka wa ishirini na sita sasa. Herufi zangu ni naskhi ya kawaida, iliyolala vizuri, inayosomeka na mtoto wa chuoni. Mwaka huu kamati ya msikiti mmoja wa Mikindani iliniita niandike juu ya kibla kilichojengwa upya, na mzee mmoja wa kamati akasema hataki maandishi ya makaburini. Anataka yale ya zamani, ya pembe pembe. Nikajua anasema kufi, na nikajua mkono wangu haujawahi kuandika kufi hata siku moja. Ndiyo maana nikafunga safari ya Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale.

Haya ni maoni yangu juu ya huduma niliyokodi: vijana wawili wa Kilwa Masoko, mmoja mwongozaji na mmoja nahodha, pamoja na boti yao ya mashine. Majina yao siyaweki, kwa kuwa nina la kuwasifu na nina la kuwalaumu. Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano.

Njia yenyewe ni rahisi. Basi la alfajiri la Mtwara kwenda Dar linakushusha Nangurukuru, kisha unapanda gari dogo mpaka Masoko. Kibali cha kuingia magofuni kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, stakabadhi unapewa, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo chukua kitambulisho. Siku ya kwanza niliwalipa shilingi 50,000 za boti na 30,000 za mwongozaji, tukachangia na mtu na mkewe waliotoka Dar. Majaketi ya kuokolea yalikuwepo yote. Langu lilikuwa limekatika kamba ya chini. Nilipomwonyesha nahodha alilivua lake akanipa, akalifunga lile bovu kwa kipande cha mshipi, akalivaa yeye. Hilo sitalisahau.

Kosa la kwanza ni saa ya kuondoka. Tuliambiwa saa nne asubuhi na tukaondoka saa nne na nusu. Kwa mtu anayetaka kuona bahari na magofu apige picha, saa hiyo haina neno. Kwa anayekwenda kusoma jiwe ni saa mbaya kuliko zote, maana ukishuka Gereza, yaani ile ngome ya zamani, ukasikiliza maelezo, ukatembea mpaka Msikiti Mkuu, jua limeshafika utosini. Mchongo wowote, uwe herufi au nakshi, unaonekana kwa kivuli chake. Jua likikaa juu kivuli kinakufa, na ukuta wote unakuwa mweupe mmoja. Nilisimama mbele ya kibla cha Msikiti Mkuu saa sita kasoro nikafumba jicho moja, nikafumba la pili, sikuona alama ya patasi hata moja. Nilijua zipo.

Mwongozaji mwenyewe ana kipaji cha kusimulia. Pale Gereza alieleza vizuri kwamba Wareno walijenga ngome mwaka 1505 na wakaondoka 1512, na kwamba tunachokiona leo kwa sehemu kubwa kilijengwa baadaye sana, wakati wa Waomani. Ndani ya msikiti alitupitisha kwa umri wake: sehemu ya kaskazini ndiyo ya kwanza, ya karne ya 11 au ya 12, na ukumbi mkubwa wa kusini uliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331. Alisema watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Akatuonyesha nguzo za pembe nane, akaeleza kwamba paa la mwanzo la ukumbi huo lilianguka na mafundi wa karne ya 15 wakajenga upya. Mimi kama fundi hapo nilitaka kukaa saa nzima. Mtu aliyepokea kazi ya paa lililoanguka, akaamua kubadilisha nguzo, huyo namwelewa kuliko sultani. Tukakaa dakika kumi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kwenye jiwe moja lenye nakshi mwongozaji aliwaambia wale wenzetu wa Dar kwamba ile ni Ayatul Kursiyyu. Yule mama akatoa simu akapiga picha, na nina hakika ameshaituma kwa nusu ya ukoo wake. Mimi nililitazama jiwe lile kwa karibu. Ni kamba mbili zinazosukana, pambo tu, halina alifu wala lamu. Sikumwaibisha mbele ya wageni. Tulipokuwa tunatembea nikamvuta pembeni, nikamwambia, "Mwanangu, lile si neno. Ukiulizwa usichokijua, sema sijui, hakuna atakayekudai pesa yake." Alinyamaza hatua kadhaa. Kisha akasema, "Mzee, wageni wakiona magofu ya Kiislamu wanataka kuonyeshwa maandishi. Nikisema hakuna wananiona sijui kazi."

Hapo ndipo nikamwuliza yaliyonileta. Maandishi yenyewe yako wapi? Jibu lake ndilo lililonifanya nimkodi kwa siku ya pili. Alisema ukweli: mtu asije Kilwa akidhani atakuta kuta zimejaa Kiarabu. Akafungua simu akanionyesha picha ya jiwe lililopatikana Husuni Kubwa, kasri ya kale ya hapo kisiwani, wakati mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick na watu wake walipofukua pale miaka ya 1960. Lina jina la al-Hasan bin Sulaiman, na linamwita al-Malik al-Mansur, mfalme aliyenusuriwa. Ukutani halipo, lakini jina lilisomwa na kasri ikapata mwenyewe. Kijana huyu anajua jambo zuri kiasi hicho na analificha, kisha anawapa watu Ayatul Kursiyyu isiyokuwepo. Nikamwambia hivyo hivyo.

Naomba nieleze kidogo kwa nini jiwe kama hilo ni gumu kusoma, maana watu wanadhani ukijua Kurani umemaliza. Kufi ya zamani mara nyingi haina nukta. Ba, ta, tha, na nuni na ya zikiwa katikati ya neno, zote ni jino moja tu linalosimama juu ya mstari. Sini ni meno matatu. Sasa chukua Hasan: ha, meno matatu, nuni. Chukua Husein: ha, meno matatu, jino moja la ya, nuni. Bila nukta, tofauti ya majina haya mawili ni jino moja. Jiwe likipigwa na chumvi ya bahari miaka mia saba jino likadondoka, Husein anakuwa Hasan. Kwa hiyo msomaji anahesabu meno, anatazama nafasi iliyobaki, anapima kama kuna kilichovunjika. Mimi kwenye kaburi nikikosea jino familia inakuja kunigongea mlango siku ya pili. Pale hakuna wa kugonga.

Nakumbuka Kizimkazi, kule Unguja, nilikokwenda nilipomtembelea dada yangu. Msikiti wa Dimbani una kufi kwenye kibla mpaka leo, imechongwa kwenye matumbawe, na ncha za herufi zinachipua kama majani. Mwaka ulioandikwa ni 500 wa Hijria. Ukitaka kuugeuza kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: unapata 1107. Hapo hapo kuna maandishi mengine ya ukarabati wa mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770. Mtaalamu Samuel Flury aliandika juu ya kufi hiyo mwaka 1922, na wataalamu wamekuwa wakiilinganisha na kazi za Siraf, kwenye Ghuba ya Uajemi. Wakati ule nilitazama nikapita, kwa kuwa sikuwa na kazi nayo. Sasa ninayo, na ndiyo kwanza naelewa nilichokuwa nimekitazama.

Siku ya pili tulipatana upya. Nilitaka kuondoka baada ya swala ya alfajiri, peke yangu, na kukaa mpaka alasiri. Nahodha akataka 70,000 kwa sababu ya kusubiri, mwongozaji 40,000. Sikuona ni ghali, na nawashauri wote mnaokwenda kwa ajili ya mawe mpatane namna hii tangu mwanzo. Walifika dakika tano kabla yangu. Nahodha alikuwa ameangalia maji usiku, akasema tuanze na Husuni Kubwa yakiwa bado yamejaa, tuteremkie karibu, kisha mjini tutembee kwa miguu. Angeanza na mjini tungekuta yamekupwa na tungetembea kwenye matope ya mikoko. Ujuzi wa namna hiyo unastahili kulipiwa.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali, inatazama bahari. Ina vyumba zaidi ya mia, na birika la pembe nane ambalo mwongozaji alilieleza kwa maneno machache, akakaa kimya. Nilishukuru kwa kimya chake kuliko kwa maelezo yote ya jana. Jua lilikuwa linapanda pembeni na kila jiwe lilikuwa na kivuli. Nikaziona alama za chuma zikipita mshazari kwenye mawe ya pembeni, za mtu aliyetumia mkono wa kulia, asiye na haraka. Penye kivuli cha ukuta nikawasha tochi, nikaishika ubavuni mwa jiwe, karibu kugusa lakini bila kugusa, nikaisogeza taratibu. Mwongozaji alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Mzee, hapa nimepita mara mia." Nikampa tochi ashike yeye.

Nikamweleza ninachokijua kwa babu yangu, aliyekuwa akichoma chokaa Mikindani. Matumbawe yakikatwa baharini yakiwa hai ni laini, yanachongeka karibu kama muhogo mbichi. Yakikaa hewani yanakauka na kuwa magumu. Fundi wa zamani aliyetaka herufi nzuri aliziwahi jiwe likiwa bado na unyevu. Wakati nasema hayo nikajisikia mwenyewe. Ni kazi yangu ile ile! Mimi na saruji tuna saa moja hivi: ukiandika mapema herufi inazama na kuvimba kingo, ukichelewa inameguka. Nilikuja nikidhani wale walikuwa watu wa elimu nyingine kabisa, wenye zana ambazo sina. Kumbe walikuwa wanakimbizana na kukauka kama mimi.

Tofauti niliyoiona ni moja, na ndiyo niliyoifuata. Mimi nachimba herufi ndani ya saruji kwa msumari na ncha ya mwiko. Wao kwenye kazi nzuri walichonga chini pande zote za pambo, likabaki limesimama juu. Kufi ya Kizimkazi pia imesimama hivyo. Herufi iliyosimama inashika kivuli asubuhi na jioni, na maji ya mvua hayatuami ndani yake.

Mchana, tukiwa tunashuka kuelekea ufukweni mjini, mtoto wa miaka kumi hivi alikuja na kipande cha shaba kwenye kiganja, akauliza kama nanunua. Ilikuwa sarafu ya Kilwa, ndogo, nyembamba, imeliwa ukingoni. Mwongozaji alifanya jambo ambalo nalipa nyota peke yake. Hakumkaripia. Alimwuliza ameiokota wapi, akamweleza kwamba vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, haviuzwi, na kwamba tutakwenda naye kwa mlinzi aiandikishe pamoja na mahali alipoiona. Kwanza lakini akaniomba niisome. Upande mmoja niliona Ali bin al-Hasan. Upande wa pili, baada ya kuigeuza geuza kwenye mwanga, maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema. Jina linaishia "Hasan" na upande wa pili unaishia "minan". Vina! Mtu aligonga shairi la mistari miwili kwenye shaba, mstari mmoja kila upande, ili mwuza samaki akiigeuza sarafu mkononi alisikie. Mwaka haupo kwenye sarafu hizo, jina na vina tu. Mwongozaji akanieleza kwamba sarafu za Kilwa zimeokotwa mbali sana: moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Hili la Australia nilidhani anaongeza chumvi kama jana. Si chumvi, ni kweli.

Yule mtoto anasoma chuoni hapo hapo kisiwani. Nilichora Hasan mchangani kwa kufi bila nukta, akaikodolea macho, kisha akahesabu meno kwa kidole akaisoma. Mwongozaji alimfuata, polepole zaidi. Hapo nikaona pengo la huduma hii na namna ya kulijaza. Kisiwa kina watoto wanaojua herufi, na Masoko ina vijana wanaojua historia na bahari. Wakikaa pamoja jioni chache tu, hakuna mgeni atakayeuziwa kamba iliyosukwa kwa jina la aya.

Mambo madogo. Boti haina kivuli, vaa kofia. Chakula nilikula kwa mama mmoja kisiwani, wali wa nazi na pweza, bei ya kawaida kabisa, lakini lazima mwongozaji atoe taarifa asubuhi ili apike. Chukua tochi yenye mwanga mkali, na kitambaa cha kufutia lenzi ya simu, maana chumvi inaipaka ukungu. Usichukue chaki wala makaa ya kupaka juu ya mchongo ili uonekane kwenye picha. Nimeona alama ya chaki kwenye jiwe moja na iliniuma, kwa sababu chaki inaingia kwenye vitundu vya matumbawe na ukiisugua unaondoka na jiwe. Na jina lako liache nyumbani. Kwenye lipu za majengo ya Kilwa na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara watu wa zamani walichora vyombo vyao vya baharini kwa ncha, na wataalamu wanavisoma leo kujua matanga yalivyokuwa. Aliyekwaruza jina lake juu yake mwaka juzi hajaongeza kitu.

Nyota moja nimeizuia kwa saa ya kuondoka na kwa ile Ayatul Kursiyyu. Siku ya pili peke yake ningewapa tano bila kufikiri.

Kibla cha Mikindani nimekimaliza wiki iliyopita. Nilimimina ubao wa saruji wenye chokaa kidogo ndani yake ili isishike upesi, nikachora Bismillahi kwa kufi, nikachonga pembeni mwa herufi kina cha nusu kidole. Ubao wa kwanza uliharibika, nilichelewa kwenye sini na jino la kati likameguka. Wa pili umesimama. Nilimtumia mwongozaji picha mbili, moja ya saa sita na moja ya saa kumi na moja jioni, akanijibu kwamba ya saa sita haisomeki. Nimeweka miadi naye tena ya Songo Mnara, upepo ukitulia, na safari hii tunaondoka alfajiri.